Kope za kiboko chini ya goli letu: jinsi komite ilivyoizika timu ya Uvira

Wakuu, nawasalimu wote, mlio macho na mnaosinzia kazini.

Stori hii ni ya kweli. Chumvi nitaongeza, ndivyo nilivyoumbwa, lakini mifupa yake ni kweli tupu.

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wote na kwa brevet yangu, cheti cha masomo ya jioni, kwamba timu yetu ilikufa kwa sababu wapinzani walizika kope za kiboko chini ya goli letu.

Ndiyo. Kope. Za kiboko.

Kiboko mchana analala, si ndiyo? Basi uvumi ulisema hivi: ukizika kope zake golini, kipa anayesimama pale naye atalala.

Msinicheke. Miaka ile, kati ya uhuru wa Kongo na rebellion, ule uasi, kulikuwa na watu wazima wenye wake na watoto wanaosema risasi ikifika kifuani inageuka maji. Sasa mimi nishindwe na kope?

Turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa Sange, mtoto wa mpunga. Nilishuka Uvira kijana, mchana nabeba magunia sokoni, jioni nasoma. Nilipopata brevet niliitembeza mji mzima mpaka ikawa jina langu. "Brevet! Brevet!" Hata mbuzi walinijua.

Tena nilikuwa na sauti. Nikikohoa Uvira, Bujumbura ng'ambo wanajibu "pole". Kwa hiyo timu ikanipa kazi ya kutangaza mechi: baiskeli, kipaza sauti cha bati, na kiti cha nyuma kwenye mikutano ya komite. Ndiyo maana nasema nayajua. Yale maamuzi niliyaona yakizaliwa, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa na akili.

Timu ilikuwa moto, wakuu. Wachezaji karibu wote walikuwa vijana wa ziwani, wavuvi wa ndagala, dagaa wa Tanganyika, vifua kama milango ya kanisa. Kipa wetu, Kashindi, alikuwa na mikono mirefu hivi kwamba angeweza kufunga dirisha la jirani bila kutoka kwake. Mpira ukimpita, watu walikuwa wanauliza kama anaumwa.

Kabla ya uhuru, timu ilisimamiwa na mzungu mmoja wa depo ya pamba. Alikuwa na desturi moja ya ajabu: mechi za nyumbani zilichezwa wiki ya mwezi mkubwa tu. Mwezi ukiwa kama sinia, tunacheza. Mwezi ukifa, hakuna mechi, hata mje na askofu.

Na mechi yenyewe ilikuwa mchana! Huo mwezi ulikuwa unamulika nini, sijui. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Wakati ule mzungu alikuwa haulizwi.

Uhuru ukaja. Mzungu akafunga sanduku lake. Ikaingia komite mpya, yote watu wa ofisini, na juu yao Prezida, karani aliyevaa tai hata akienda kuoga ziwani.

Mkutano wa kwanza akasimama: "Kalenda ya mwezi ni ushenzi wa mkoloni. Inchi iko huru. Kuanzia leo tunacheza kila Jumapili, siku ya Mungu, kama Ulaya."

Someni tena hapo. Tunamkataa mkoloni, kwa hiyo tunafanya kama Ulaya.

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kashindi akanyoosha ule mkono wake. "Bwana Prezida, ile mwezi ilikuwa na maana yake. Sisi bavuvi..."

"Keti! Weye kazi yako ni mikono. Kichwa iko hapa." Prezida akagonga paji la uso wake. Naapa wakuu, kichwa kililia kama debe.

Nikapanda baiskeli, nikatangaza kalenda mpya kutoka sokoni mpaka barabara ya Makobola.

Jumapili ya kwanza tulipigwa. Ya pili tulipigwa zaidi. Beki wetu mmoja alikaa chini katikati ya mechi akisema anafunga kiatu, na alikuwa hana viatu. Winga alijiegemeza kwenye bendera ya kona, tukaenda kumuamsha. Na Kashindi, Kashindi yule yule, ameegemea nguzo ya goli, anapiga miayo ambayo kambare angeingia na kugeuka. Mpira unampita polepole kama mama anayetoka misa.

Management yenye akili ingewaita vijana na kuuliza: jamani, mna nini?

Komite yetu ikaita watu wenye majembe.

Ndipo neno la kope lilipoanza. Nani alilileta, sijui mpaka leo, lakini Prezida alilipokea kama telegramu ya serikali. Tukachimba goli. Tukapata mfupa wa mbuzi, kijiko, na ndara ya mguu mmoja. Prezida akauangalia ule mfupa, akasema, "Munaona?"

Hatukuona kitu. Tukasema tunaona.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza mimi. Jumapili iliyofuata TULISHINDA! Kashindi aliruka kama paka, winga alikimbia mpaka nje ya uwanja akarudi. Nikazunguka mji mzima nikipiga kelele: "Kope zimetolewa! Kope zimetolewa!" Mama wa sokoni walinipa ndizi za bure.

Wiki mbili baadaye, miayo.

"Wamezika zingine," akasema Prezida. Tukachimba tena. Ikanyesha. Goli likawa bwawa, vyura wakahamia na familia zao. Kipa akiruka, wanaruka naye.

Hapo komite ikatoa uamuzi wa mwisho wa kijinga, na huu uliniuma hata mimi mtu wa vicheko. Kashindi afukuzwe. Kope, walisema, zimeshamuingia mwilini.

Kumbukeni jambo moja ambalo sijawaambia. Kashindi alikuwa amemchumbia Mapendo, binti wa Prezida huyo huyo. Posa ilikuwa imepokelewa, pombe imenywewa, siku inasubiriwa.

Prezida akasema mbele ya mkutano mzima: "Muntu wa kope za kiboko hataoa kwangu. Nitapata wajukuu wa kulala mchana."

Watu wakacheka. Kashindi hakucheka. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza mbele ya baba mkwe.

"Bwana Prezida, timu ni yako, chukua. Mapendo si jezi."

Akatoka kifua wazi. Tangu siku ile, akipita barabarani, watu walikuwa wanampigia miayo kwa makusudi. Mtu aliyekuwa anabebwa mabegani!

Golini akawekwa mpwa wa Prezida, kijana mwenye adabu sana: mpira ukija alikuwa anaupisha kama mgeni wa heshima. Wavuvi wengine wakaondoka mmoja mmoja, nafasi zao zikajazwa na makarani. Mlishawahi kuona makarani wanacheza mpira? Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze.

Timu ile iliyokuwa inatisha Bujumbura ikafika mahali pa kufungwa na wanafunzi wa Sange, kwetu. Mwisho hata wapinzani walikataa kuja. Walisema vyura wanawasumbua.

Kisha rebellion ikaingia mjini. Komite iliyochelewa kuelewa kila kitu siku hiyo ilielewa mapema kuliko watu wote. Prezida alitoroka na nyavu za magoli. Alitaka kumfunga nani huko alikokwenda, hatujui. Nguzo za magoli zikawa kuni. Uwanja ukaota magugu, na lile shimo tu likabaki likitutazama.

Nami nikapanda mtumbwi na wengine, nikaangukia Rumonge, pwani ya Burundi.

Kabla sijamalizia, somo langu nalitoa hapa hapa. Ukiona viongozi wa timu wanauchimba uwanja badala ya kuwauliza wachezaji, jua kaburi ni la timu. Na ukiona mtu anasema kichwa ni chake na mikono ni ya wengine, chukua baiskeli yako uondoke. Andikeni hapo chini timu zenu ziliuawa na komite za namna gani. Wa kunitukana pia mnakaribishwa, lakini kwanza malizeni kusoma.

Basi, Rumonge. Siku moja alasiri nasikia kelele za mpira, nasogea. Golini amesimama nani? Kashindi! Macho makavu, mikono ile ile. Anadaka, anarusha, anawatukana mabeki kwa furaha. Mechi nzima hakupiga mwayo hata mmoja.

Pembeni ya uwanja, mtoto mgongoni na beseni la ndagala kavu miguuni, yuko Mapendo. Alikuwa amemfuata kwa ruhusa ya miguu yake mwenyewe.

Nikamkimbilia. "Dada Mapendo! Kope walimtoa namna gani? Mganga ni wa wapi?"

Akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Weye Brevet, mpaka leo uko na zile kope?"

"Nijibu kwanza."

"Kule Uvira, usiku, taa za karabai mu ziwa ulikuwa unaziona?"

Nilikuwa naziona. Nikamwambia zilikuwa nzuri, kama mji mwingine juu ya maji.

"Na ulifikiri ni nani anazishika?"

Mimi mtu wa mpunga, wakuu. Kwetu mtu anafanya kazi mchana, jua likizama analala.

Mapendo akamrudisha mtoto vizuri mgongoni, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwezi ikiwa kubwa, ndagala hazifuati taa, bavuvi banalala kwao. Mwezi ikikufa, banakesha mu maji mpaka asubui. Mzungu alijua sababu bavuvi benyewe balimwomba. Huku pia banacheza mwezi ikiwa kubwa tu. Minye nilimwambia baba, akasema nisimuletee mambo ya mkoloni. Hakukuwa kiboko, Brevet. Kashindi alikuwa hajalala."