Nilipaka viti vya pickup ya Mzee kama ukuta wa duka

Wakuu, natumai wikendi inaenda poa. Hii si story ya kuambiwa, imenipata mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Eldoret. Kwa hivyo nilipoanza kuunganisha model za magari, zile kits za plastiki unagundisha kipande kwa kipande, nilijua brashi haiwezi kunisumbua.

Nilijidanganya vibaya.

Baba yangu anaishi Moi's Bridge. Miaka mingi alibeba mahindi na pickup yake ya bluu, mpaka stroke ikamlemaza mguu na gari likauzwa. Tangu hapo hakutaka hata kulitaja. Nikaamua kumtengenezea dogo linalofanana nalo, na hasa ndani, kwa sababu huko ndiko alikoshinda miaka yote hiyo.

Body ilitoka safi. Ndani nikaingia na mazoea ya kazi: chovya brashi, jaza rangi, pitisha mara moja, maliza.

Rangi ikaziba mishono ya viti. Mishale ya saa za dashboard ikapotea. Na ile baridi ya Julai mnaijua, rangi haikauki haraka. Kila nikiona mstari wa brashi narudia juu yake ikiwa bado mbichi, inavutika na kufanya madonge.

Nikampelekea hivyo hivyo. Mzee akachungulia kwenye kidirisha cha hiyo model, akaniuliza, "Hii ni gari ya nani?"

Wakuu, hiyo iliniuma. Nilirudi Eldoret nimejikasirikia, nikang'oa viti, nikasugua rangi yote na mswaki. Nikasema hapa mtu haachi.

Safari hii nilichukua rangi ya acrylic isiyong'aa, nikaizimua na maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Brashi ndogo yenye ncha nzuri, naifuta kwa kitambaa kabla ya kugusa kiti.

Koti ya kwanza ya rangi ilikuwa aibu. Plastiki inaonekana chini, mkono unawasha kurudia. Nikainuka nikaenda kunywa chai.

Koti nne, kila moja ikauke kabisa. Sikutumia nyeusi tititi, nilitumia kijivu kizito, maana nyeusi kabisa huficha mikunjo yote. Mwisho nikachukua brashi karibu kavu na kahawia kidogo, nikagusa kingo za kiti pale mtu hukwaruza akiingia.

Dashboard niliharibu tena mara mbili. Hiyo tuiache.

Nikarudi Moi's Bridge. Mzee akavaa miwani, akajikongoja na hiyo model mkononi hadi mlangoni penye mwanga. Nilikuwa naogopa kama mtoto.

Kisha akaweka ukucha kwenye kiti cha abiria.

"Hapa mama yako ndio alikuwa anakaa."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe ni huko nyuma juu ya magunia. Na ulikuwa unalala tu."

Akaanza kunipa story za barabara ya Soy wakati wa matope, mpaka Mama akaja kusimama nyuma yetu kusikiliza. Nilifurahi sana.

Nilichojifunza: vumilia ile koti mbaya ya kwanza, na usiguse rangi mbichi hata mkono ukuwashe vipi.

Sasa wenye mnaweza dashboard kwa brashi, nifunzeni hapo chini. Mzee anasema yake ilikuwa na ufa upande wa kulia, na anautaka.