Injini ya Pikapu ya Mama

Juzi pale Gede ilipita pikapu kuukuu ya dizeli, ikikoroma kwa sauti nzito, nami nikaikumbuka ile ya mama ya kubebea nazi. Alasiri moja mama alinituma niandamane na baba kwa fundi, nikae pale nilinde injini isije ikabadilishwa. Baba akanipa hela nikanunue achari, nikala hadi vidole vikawaka pilipili.

Tulipoondoka, pikapu ililia kwa sauti nyembamba na kunuka petroli.

“Imesafishwa tu, mwanangu,” baba alisema, nikaamini.

Nyumbani mama akaniuliza, “Waliigusa injini?”

“Hawakuigusa, mama. Nilikuwapo.”

Leo najua injini ile ya dizeli iliuzwa, pikapu ikatiwa injini chakavu ya teksi. Nilipojibu vile, baba alinipapasa kichwa.