Ushuhuda wa Gari la Kijivu

Si kwamba najisifu, lakini kiwandani kwetu Shituru, mtu akitaka kununua kitu, hata baiskeli, huja kwanza kunitafuta mimi Déogratias. Najua kuvunja bei. Kwa hiyo shemeji yangu Numbi, mume wa dada yangu Élisabeth, alipoamua kununua gari la taksi, nilimwambia asithubutu kwenda peke yake.

Numbi alikuwa akinunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji wa Kamatanda na kuyauza kwenye madepo ya wanunuzi wa madini. Kisha bei ya kobalti ikaanguka, madepo yakafungwa moja baada ya jingine, naye akabaki na akiba ya dola elfu nne na mia mbili, basi. Humo ilibidi litoke gari, plaki za namba, bima, na fundi wa kuhamisha usukani, maana magari haya huja kutoka Japani usukani ukiwa upande wa kulia, na kwetu hutakiwa kushoto. Nilimwambia, tukipita elfu tatu na nusu umekwisha.

Na wakati ulikuwa wetu. Kwenye uwanja wa Floribert, muuza magari, Toyota zilikuwa zikila vumbi jekundu tangu Pasaka. Wiki moja kabla yetu, mwenye duka la saruji alichukua moja kwa elfu tatu na mia nne bila kutoa jasho. Njiani nilimfundisha Numbi: usiliguse gari unalolitaka, usilitazame sana, usicheke. Mengine niachie.

Pale uwanjani, mbele ya Toyota moja ya kijivu, nilisema tairi zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha. Nilisema kuhusu kiti kilichochanika, kuhusu moshi, kuhusu hali ya mji. Floribert alinisikiliza vizuri, akaniletea hata kiti cha kukalia. Alitaka elfu nne na mia moja. Nikampa elfu tatu. Nikapanda mpaka elfu tatu na mia tatu, yeye yuko palepale, anatabasamu. Basi nikamshika Numbi mkono tukaondoka, kwa sababu hapo ndipo muuzaji humwita mteja. Tulitembea polepole. Getini niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyetuita.

Numbi alikuwa amelowa jasho. "Shemeki," aliniambia kwa sauti ya chini, "bibi ya Floribert anaimbaka mu korali yetu."

Ikabidi anieleze. Mimi ni Mkatoliki, kwetu mtu humshukuru Mungu akishapata. Katika kanisa la Numbi, mwenye imani hushuhudia kabla: husimama mbele na kushukuru kana kwamba kitu kiko mkononi, na hukitaja waziwazi, asionekane ana shaka. Jumapili iliyopita Numbi alikuwa amesimama. Alitaja Toyota, rangi ya kijivu, na uwanja wa Floribert. Mchungaji alikwishapanga siku ya kulipaka mafuta. Na Orpa, mke wa Floribert, alikuwa nyuma yake akipiga vigelegele.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikamwambia twende uwanja mwingine tuchukue gari jeupe, la bluu, lolote. Akaniuliza watu watasema nini, kwamba Mungu alikosea gari? Hakuwa anatania. Ningemcheka siku nyingine, lakini siku hiyo nilimwonea huruma.

Tukarudi. Safari hii sikubishana, niliomba, na mimi sijawahi kuomba mbele ya muuzaji. Nilimwambia Floribert huyu ana watoto wanne na hana kazi, amwachie angalau pesa ya plaki na fundi. Floribert si mtu mbaya. Hakunijibu mimi, alimgeukia Numbi.

"Ndugu, weye njo ulisema mbele ya bantu bote asema Mungu alishakupatia hii motoka. Sasa minye nikate bei ya kintu ya Mungu?"

"Hapana, ndugu," Numbi alijibu.

Alilipa elfu nne na mia moja. Floribert alimrudishia dola kumi za mafuta, kindugu, na tairi zilezile zilizokwisha zikamfikisha nyumbani. Tangu hapo gari limekaa uani bila plaki, usukani kulia, na dada yangu huanika nepi za mtoto juu yake.

Jumapili iliyofuata Élisabeth aliniomba niwasindikize kanisani. Numbi alijiandaa kushuhudia, lakini Floribert alitangulia kusimama. Alisema tangu Pasaka hakuna gari hata moja aliloliuza kwa bei yake, wote waliikata. Ndipo yeye na Orpa wakafunga siku tatu, wakimwomba Mungu awatumie mteja asiyekata bei. Naye amekuja, alisema, na yuko hapa ndani.

Kanisa zima likasimama kwa shangwe. Numbi alisimama pia, akapiga makofi, akasema amina. Wote walikuwa wakitutazama, naye akanitazama mimi. Nikasema amina na mimi. Ningefanya nini?