Kilio Kisichoanzishwa

Adrienne alikuwa hajalia. Mtu wa reli ndiye aliyeleta habari: mama yake amekufa ndani ya treni ya Wakasai waliofukuzwa Katanga, kabla ya kufika Kasai, wakamzika kando ya njia, mahali asipopajua mtu. Tangu siku hiyo macho yake yalikauka kama mabomba ya maji ya Kikula, mtaa wao. Usingizi nao ulimkimbia. Akipika, anasahau chumvi, kisha anasahau kwamba amesahau.

Kilio hakikufanyika. Mumewe, Numbi, alikuwa Mkatanga, na ndiyo sababu Adrienne hakupandishwa treni pamoja na ndugu zake. "Mama Deborah," Numbi alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "tukitandika mikeka hapa, batu batauliza ni nani analia mu Tshiluba ya Kasai. Vumilia." Akavumilia, akazidi kukonda, mpaka padri akamtuma kwa Masœur Marceline, mtawa aliyekuwa akisikiliza watu wenye huzuni katika chumba kidogo nyuma ya kanisa.

Jirani yake Fidélie alipomwona anajipaka mafuta miguuni tayari kwenda huko, alicheka. "Weye nawe. Kule banapelekaka bazimu."

"Pengine iko na dawa."

"Dawa gani, mu hii Likasi? Hata aspirine haiko."

Chumbani mlikuwa na viti viwili, na dirisha lililozibwa kwa karatasi mahali pa kioo. "Karibu mama, ikala," Masœur alisema. Adrienne alivua viatu mlangoni, akakipita kiti, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, macho chini, kama mfiwa anavyokaa. Masœur alimtazama kidogo. Kisha naye akashuka chini, magoti yakimlia.

"Mama, maneno yako yatabakia hapa. Sitaambia mon père aliyekutuma, sitaambia bwana yako. Dawa sina, na pénitence ya dhambi sitakupatia. Unaweza kusema, unaweza kunyamaza."

Adrienne aliitikia kwa kichwa, akangoja. Kwao mfiwa haanzi mwenyewe. Wanawake huingia, mmoja wao hutupa sauti ya kwanza, ndipo mwenye msiba hufuata. Aliingoja sauti hiyo. Masœur naye alikuwa akimngoja yeye. Nje mtu alikuwa akitwanga. Akatwanga mpaka akamaliza.

"Masœur," Adrienne akasema mwishowe, "anzisha basi."

"Nianzishe nini, mama?"

"Kilio. Miye niko tayari toka zamani."

"Kilio ya kwenu sikijui," Masœur akasema polepole, "na sitaki kukudanganya. Lakini niambie: mama yako aliitwa nani?"

Adrienne alilitafuta jina. Lilikuwapo, ila halikutoka. "Alipendaka chai ya moto sana," akasema. "Ile ya kuunguza."

"Inatosha leo," Masœur akasema. "Pengine utafika kwako na uchungu kupita ile ulikuja nayo. Ku mwanzo inakuwaka vile. Rudia Alhamisi."

Njia nzima Adrienne alijiona kama mtu aliyedanganywa. Alikwenda na jiwe kifuani. Sasa anarudi nalo, tena limeota ncha.

"Amekupatia nini?" Numbi aliuliza.

"Hakuna. Ameuliza jina ya mama."

Numbi aliinamisha kichwa. Yeye hakuwahi kulitamka jina hilo, maana mkwe hatajwi. "Ukamwambia?"

"Halikutoka."

Adrienne alisukuma meza, akatandika mkeka katikati ya chumba, akaketi. Numbi aliangalia mkeka, akaangalia barabara. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akasokota gunia na kuziba pengo chini ya mlango. Halafu akaja kukaa kando yake. "Lia polepole," akamwambia.

"Mama Ngalula," Adrienne akasema.

Sauti ikatoka. Ilikuwa ndogo, lakini ilitoka, na nyingine ikaanza kuifuata. Ndipo upande wa pili wa ukuta, watu waliokuwa wakizungumza wakanyamaza wote. Numbi akamshika mkono. Adrienne akauma kona ya kitenge chake, akaendelea kulia ndani ya nguo.