Hayakatwi Mpaka Emeti Aseme

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Eber, mundu hauingii kwenye matete mpaka Emeti atoe kauli. Ana miaka sitini na minne, hajui kusoma, na kwa vuli thelathini na moja hajakosea. Huvunja tete moja na kulisikiliza. Likilia kwa ukavu, kijiji kizima hushuka majini. Likinyamaza, watu hurudi kunywa chai.

Mwaka huu, mwishoni mwa Oktoba, lilinyamaza. Mabata bukini walikwishatua, lakini sakitu, ule umande wa barafu unaokausha matete, ilikuwa haijapiga. Na lori la mnunuzi wa matete lilikuwa limekuja mapema.

"Bado," alisema Emeti.

Jirani yake Durali akacheka. "Bado, bado! Shangazi, hata harusi ya mwanao ulisema bado, bibi harusi nusura aote mvi."

"Na ndoa imedumu. Yako je?"

Watu wakaangua kicheko. Hata hivyo Durali alikata, na siku ya tatu familia sita zikamfuata. Emeti hakubishana. Alijua kwamba matita yale yakikauka salama, hakuna atakayemuuliza tena.

Siku ya tisa alikwenda kwenye rundo la Durali, akapenyeza mkono ndani ya tita hadi kiwikoni.

"Durali, njoo utie mkono."

Durali akatia, akautoa upesi. Ndani mlikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini. Matete mabichi yakirundikwa hujipika yenyewe, kisha huoza.

"Yamekwisha?"

"Nusu. Tuyafungue sasa hivi, tuyasimamishe upeponi."

"Utanicheka mwaka mzima, Shangazi."

"Miwili. Shika upande huo."

Walifungua mpaka vidole vikachubuka. Kufikia adhuhuri zile familia sita nazo zilikuwa zikifungua matita yao, na lori likaondoka tupu.

Sakitu ilipiga tarehe kumi na mbili Novemba. Asubuhi watu walijaa gatini na miundu yao, na hakuna aliyetia mguu mtumbwini. Emeti alimaliza chai yake kwanza. Kisha akashuka, akavunja tete, na mlio ukasikika hadi mtumbwi wa mwisho.

Durali akamsogezea wake. "Panda, Shangazi. Mkato wa kwanza ni wako."

Akapanda, akaketi mbele, mgongo wima.

"Vuli ya thelathini na mbili," akasema, akauinua mundu.