Pale Dhahabu Ilipokataa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla mamangu hajatimiza mwaka kaburini, babangu alitaka kuoa. Nilikasirika nikanyamaza, maana kwetu binti hamuulizi babake mambo hayo. Kisha akanipa bangili ya fedha ya mama, niipeleke kwa sonara ikachovywe dhahabu, iwe ya bibi harusi. Hilo ndilo lililonichoma.

Duka la sonara lilikuwa kichochoroni, nyuma ya Ngome ya Yesu. Aliiosha bangili kwa magadi, akaifunga kwenye waya wa betri ya gari. Waya wa pili aliufunga kwenye kipande cha dhahabu, akavitia vyote katika bakuli la maji ya sumu ambayo alinikataza hata kuyanusa. Fedha ikaanza kugeuka manjano, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Niliona kama mama anafukiwa mara ya pili.

Alipoitoa, ubavuni palibaki doa jeupe.

"Hapa hapashiki, mwanangu," alisema. "Pana mafuta, yamegandana na fedha."

Akaosha tena, akachovya tena. Doa likarudi pale pale, sasa na mistari yake: alama ya kidole gumba. Nilijua ni mama, amekataa bangili yake ivaliwe na mwingine, na nilifurahi. Sonara alitaka kulisugua. Nikamwambia asiliguse.

Njiani niliweka kidole changu juu ya doa. Kilikuwa kidogo kuliko alama, na mkono wa mama ulikuwa mdogo kuliko wangu. Sikutaka kulifikiria hilo.

Babangu alikuwa barazani. Aliigeuza bangili, akaweka kidole gumba chake juu ya doa. Doa likafunikwa lote.

"Ni miye huyu," alisema. "Siku ile mkono wa mamako ulikuwa umevimba. Nilimpaka mafuta ya nazi, nikawa naisukuma bangili polepole, nikichelea kumuumiza."

Kumuumiza, na alikuwa keshakufa. Sikuwa najua kwamba ni yeye aliyemvua bangili kabla hajazikwa.

Alikaa vile vile, kidole hakukiondoa, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Nilitafuta hasira yangu nisiione. Ijumaa akaoa, na bibi harusi aliingia nyumbani kwetu bila bangili mkononi.