Hori la Noeli ya Sabini na Nne

Asubuhi ile Filomena alimpa mumewe Albano chai ya sukari kidogo, sukari ya foleni, akafagia uwanja, akawamwagia kuku pumba. Kesho yake ilikuwa Noeli, mwaka wa sabini na nne. Ndiyo asubuhi ya mwisho waliyokaa kama watu wengine, na Albano hakujua. Alichokijua ni kwamba mkewe hakumwuliza habari za hori. Majilio yote, zile wiki nne za kungoja Noeli, alikuwa akimwuliza.

Desturi yao tangu waoane: kila Noeli Albano anatengeneza hori jipya la Mtoto Yesu kwa vipande vya mninga vilivyobaki kazini. Wanaliweka chumbani, wanapiga magoti, ndipo wanakula. Sikukuu ya Wafalme ikipita, mapema Januari, Filomena analitia majani makavu, kuku wake wanatagia humo mwaka mzima.

Lakini mwezi ule Keko nzima, mtaa wa maseremala, ilikuwa misumeno. Kila mtu anataka kitanda kabla ya sikukuu. "Kesho, Mama Rosalia," alimwambia mkewe. Kesho zikaisha.

Alipofika kazini alimkuta Mfaume, fundi wa ng'ambo ya barabara, anapiga msasa hori dogo. Zuri. Miguu yote imekaa sawa. Hapo ndipo palipomuuma.

"La nani hilo?"

"La mkeo, fundi. Kaniomba kwa adabu, mie nimkatalie?"

"Mwislamu wewe, hori linakuhusu nini?"

"Nabii Isa namjua, na mama yake namjua. Wewe unayemsali ndiye uko bize na vitanda vya watu!"

Mafundi wakacheka. Albano hakucheka. Kumbe mkewe alikuwa akivuka barabara. Alisimama pale muda gani? Alicheka? Siku nzima randa ilimkwama mkononi.

Noeli asubuhi alikataa kwenda misa. "Nenda na fundi wako," alisema. Filomena akamshika binti yao Rosalia mkono, wakaenda. Alirudi anatetemeka kwa homa, akalala bila kula. Siku ya tatu wakamlaza hospitali.

Nyumbani, sanamu ya Mtoto Yesu imelala kwenye hori la Mfaume. Albano kila akilitazama, roho inamuuma. Hata kijana aliyewahi kumposa Filomena kabla yake, Albano hakumwonea wivu hivyo. Akaviacha vitanda, wateja wakamtukana. Akatengeneza lake, kwa haraka, mguu mmoja ukatoka mfupi. Akalifunga kwenye kanga, akampelekea wodini.

Filomena alilipokea, akaliweka juu ya kimeza cha kitandani. Likayumba.

"La mwenzangu zuri zaidi," Albano akasema. "Najua."

Mkewe alivuta pumzi kwanza. Sikukuu ya Wafalme hakuiona, na mumewe hakusikia neno lake jingine baada ya haya:

"Baba Rosalia, hilo la Mfaume umrudishie, nilimwomba la kuazima tu. Lako ndilo la kuku wangu."